Macho ya Priska na Mizabibu ya Marehemu Baba

Mpendwa Anti Yasinta,

Shikamoo, na pole kwa kubeba mizigo ya watu usiowajua. Mimi ni mkulima wa zabibu upande wa Hombolo, ukurasa wako huwa nausoma kwa fundi cherehani wa hapa senta, maana yeye ndiye hununua gazeti na sisi wengine tunaazima, na amekuwa akisema kwamba wewe huangalii sura ya mtu unapomwambia ukweli, ndiyo maana nimepata moyo wa kukuandikia. Naomba unisaidie mawazo kabla sijafanya jambo ambalo nikishalifanya halirudi nyuma. Jina langu la kweli usilitoe, niite Meshack, na mke wangu mwite Priska.

Anti, Priska anaumwa, na si macho yenyewe bali ngozi inayoyazunguka, inaanza kwa kuwasha, halafu kope zinavimba, vinatoka vipele vidogo vidogo mpaka karibu na nyusi, ngozi inaiva na kubambuka kama ya mtu aliyeungua, akiamka asubuhi macho hayafunguki mpaka ayalainishe kwa maji ya uvuguvugu, na siku za karibuni alikuwa akilalamika kwamba jicho la kushoto linaona ukungu. Mwanzoni nilidhani ni moshi wa kuni, kwa sababu jiko letu lilikuwa halina pa kutolea moshi na yeye muda wote akipika alikuwa anajifuta machozi kwa pindo la kanga, basi nikatoboa dirisha kubwa, moshi ukapungua, lakini macho hayakupungua kitu. Wifi yake, mke wa kaka yake Obedi, akamletea tyubu ya dawa ya ngozi ya dukani, akijipaka anapata nafuu na anapendeza kabisa, akiacha yanarudi kwa hasira kuliko mwanzo, akajikuta anajipaka kila siku.

Jambo hili lilianza mwaka juzi, baada ya kumzika baba yangu, Mzee Bartolomayo, na mimi kuachiwa shamba la mizabibu alilopanda yeye mwenyewe nikiwa bado nachunga mbuzi. Miaka yake ya mwisho baba alikuwa hawezi tena kazi na shamba lilikuwa limelala, ubwiri unga ulikuwa unatumaliza, ule ukungu mweupe unaokaa kwenye majani na vichala mpaka zabibu zinapasuka kabla ya kuiva. Nilipolichukua nikasema sitakubali kazi ya mzee ife mikononi mwangu, nikamsikiliza bwana shamba, nikapogoa vizuri, nikashika ratiba ya salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu huo, bila kuruka, asubuhi kabla upepo haujaanza mimi nipo kwenye mistari natikisa soksi yenye salfa, unga wa njano unashuka kwenye vichala, na Mungu akajalia, msimu wa kwanza tu zabibu zangu zilikuwa nyeusi na zimejaa mpaka wanunuzi wakawa wanaanzia kwangu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu wakasema zabibu za Meshack hazikupona bure, kuna kitu marehemu alikizika chini ya mizabibu na sasa kimedai malipo, na malipo yake ni macho ya mke wangu, mtu mmoja akasema pombeni mbele yangu kwamba hata mtoto mdogo akiitazama zabibu iliyoiva anajua imefanana na nini. Nilicheka, lakini sikulala vizuri.

Kilichonimaliza nguvu ni hiki. Kila Priska akienda kwao Gulwe, macho yanapona. Alienda kumuuguza shangazi yake akarudi uso ukiwa laini, hajamaliza hata mfuko wa unga aliorudi nao, vipele vikarudi. Akaenda tena kwenye harusi ya binamu yake, akapona, akarudi, akaumwa. Safari hii mama yake amemzuia. Obedi, shemeji yangu ambaye tulikuwa tunaelewana sana, ndiye aliyempeleka kwa mtumishi mmoja anayefanya maombi ya kufungua watu, na mtumishi akasema bila kuambiwa, au labda aliambiwa, kwamba ameona mizizi imeshika uso wa binti, na kwamba mizabibu yote ing'olewe na ichomwe moto, lisibaki hata shina moja la kuotesha upya.

Nilimpigia mama mkwe nimsihi. Hakunitukana, Anti, angenitukana ingekuwa afadhali. Akasema, “Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini mama yangu alipofuka kwa vikope, na mimi ndiye niliyemshikia fimbo tangu sijang'oka meno ya utoto. Sitaishika tena fimbo hiyo kwa Priska.”

Priska mwenyewe tunaongea kwa simu. Juzi aliniambia, “Yaani huku nimeanza kusahau kujikuna.” Nikamwambia basi arudi. Akasema, “Nikirudi yakianza tena, mama hataniachia maisha. Maliza kwanza hilo jambo la shamba.” Nikamuuliza kama na yeye anaamini hayo maneno. Akasema, “Mimi ninaloamini ni kwamba huko naumwa na huku siumwi.”

Anti, nisije nikaonekana ni mume wa kumtesa mtu, sijawahi kumnyooshea mkono, tunapendana mpaka watu wanatucheka, mimi nikienda kupiga salfa hujifunga kanga yake puani kuzuia vumbi, wenzangu wananitania kwamba mke amenifunga kamba, nami nawajibu ndiyo, amenifunga, maana kanga ile ina harufu yake na inanipa moyo wa kufanya kazi, nikimaliza naitundika palepale kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa jiko, naoga, kisha nakunywa uji alionipikia. Hata sasa ambapo hayupo kanga ile ya kazi aliiacha, na ndiyo ninayojifunga.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wazee wa kwao wanakaa kikao Gulwe, wajomba zake wote watakuwepo, na nimeambiwa niende na jibu moja, nang'oa au sing'oi. Nikikataa, Priska habandui mguu kwao. Nikikubali, nimechoma kazi ya maisha yote ya baba yangu, na nimekiri mbele ya watu kwamba alikuwa mchawi. Na ubaya zaidi ni kwamba na mimi nimeanza kuogopa. Wiki iliyopita nilichukua jembe nikachimba kwenye shina la kwanza kabisa alilopanda baba, sijui nilikuwa natafuta nini, nikakuta mizizi na udongo mwekundu, basi. Shina lenyewe sasa limeanza kunyauka. Nilikaa pale chini nikalia.

Nipo tayari kung'oa, Anti, kama ndiyo njia ya kumrudisha mke wangu. Niambie tu kama nitakuwa nimefanya sawa.

Meshack

*

Marahaba, Meshack.

Barua yako nimeitoa katikati ya foleni kwa sababu ya hiyo Jumamosi. Wasomaji waliokuwa mbele yako watanivumilia, wengi wao wanauliza kama wamsamehe mtu ambaye wameshamsamehe zamani. Na wewe kwa taarifa yako, umenikataza jina halafu ukanichorea njia mpaka mlangoni kwako pamoja na rangi ya bati la jirani. Sehemu hiyo nimeifuta.

Pole, kaka. Mtu mpaka achimbe kwenye shina alilopanda baba yake akitafuta ushahidi dhidi ya marehemu, huyo amesongwa kwelikweli, na mimi sitakucheka kwa hilo. Nitakugombeza kwa lingine. Nimeisoma barua yako yote, nikairudia, natafuta neno hospitali, silioni. Yupo mtumishi, wapo wajomba, yupo wifi na tyubu yake, yupo hadi mlevi wa kilabuni na falsafa yake ya zabibu. Mtu wa kumkalisha Priska kwenye kiti, akamulika kope zake kwa tochi na kumuuliza anatumia nini na anashika nini, hayupo. Macho ya mwanamke mmoja yamejadiliwa kutoka Hombolo mpaka Gulwe na sasa yanaitishiwa kikao, na hakuna aliyeyapeleka kuangaliwa. Hilo mmelikosea ninyi nyote, na wewe mumewe uko mbele ya mstari.

Sasa nisikilize. Majirani zako waliona vitu viwili vikienda pamoja: zabibu zako zilipopona, macho ya mkeo yakaharibika. Waliona sawasawa. Mama mkwe wako ameona kwamba binti akiwa kwako anaumwa na akiwa kwake anapona. Naye ameona sawasawa, na Priska mwenyewe amekuambia hivyo hivyo kwa maneno machache kuliko wote. Walipokosea ni kwenye kueleza, kwa sababu hakuna kati yao aliyelitilia maanani jambo dogo uliloniandikia mimi, tena uliliandika kwa kujisifu.

Ile kanga, Meshack.

Unajifunga kanga ya mkeo usoni, unatembea kwenye mistari ukitikisa salfa mpaka unga wa njano unashuka kwenye vichala. Unadhani kwenye kanga haushuki? Unatoka, unaitundika kwenye msumari wake bila kuifua, halafu wewe, bwana msafi, unaenda kuoga. Priska anaichukua kanga hiyohiyo, anaingia jikoni, moshi unamtoa machozi, anajifuta. Anajifuta wapi? Kwenye kope. Kwa pindo lenye salfa, ngozi ikiwa na jasho na machozi. Na hivyo ndivyo mnavyoishi tangu uliposhika ratiba bila kuruka. Akienda Gulwe anavaa doti yake nzuri, ya kazi anaiacha msumarini, naye anapona. Akirudi anaipokea tena.

Sitaki uniamini mimi kwa sababu naandika gazetini. Kipande hicho nilimsomea daktari wa ngozi ninayemheshimu, bila kumtajia wewe ni nani. Akaniambia ngozi ya kope ni nyembamba kuliko sehemu nyingine karibu zote za mwili, na kinachoshindwa kuidhuru ngozi ya mkono kinaweza kuiumiza ya kope. Akasema watu wengi wanaopata vipele kuzunguka macho hawakupakwa kitu machoni, wamekipeleka wenyewe kwa kidole au kwa nguo. Salfa ni mojawapo ya vitu vinavyowasha. Nilipomuuliza mbona mume haumwi, akasema mume anaoga muda uleule, hajisugui kope nayo, na ngozi za watu hazifanani. Lakini pia akanionya, na mimi nakuonya: yeye hajamwona Priska. Inawezekana ni salfa, inawezekana ni rangi ya kanga, au sabuni, au mambo mawili yamekutana. Anayeweza kusema kwa uhakika ni yule atakayemshika uso.

La tyubu ndilo lililonitisha kuliko yote, kuliko hata kikao. Dawa nyingi za ngozi zinazouzwa hivyo dukani zina nguvu, zinanyamazisha vipele haraka, ndiyo maana mtu anazipenda. Zikipakwa karibu na macho siku baada ya siku, zinaweza kuipunguza ngozi unene na kulidhuru jicho lenyewe kwa ndani, mahali ambapo hakuna anayeona mpaka uoni umeshapungua. Na wewe umeniandikia kwamba jicho la kushoto linaona ukungu, ukapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Hilo ndilo jambo la haraka kwenye barua yako yote. Sijui ukungu huo umetokana na nini na wewe hujui. Asiendelee kujipakia tu, na asiitupe tyubu hiyo, aende nayo mkononi aionyeshe.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo, si kesho, mpigie Priska aende hospitali ya wilaya Mpwapwa, kwenye kitengo cha macho, kabla ya kikao, na wewe uende ukutane naye hukohuko. Usimtume Obedi. Ile kanga usiifue na usiivae tena, itie kwenye mfuko wa nailoni, uifunge, uende nayo, na pakiti ya salfa uende nayo. Mweleze mhudumu kama ulivyonieleza mimi, ila safari hii usianze na harusi ya binamu. Na macho yakishikwa na maumivu makali, au yakaanza kuogopa mwanga, au ukungu ukazidi, asisubiri siku uliyopanga, aende wakati huohuo.

Mama mkwe wako usimwone adui. Amemwongoza mama yake kwa fimbo tangu akiwa mtoto, huyo ana haki ya kuogopa kuliko mtu yeyote kwenye kikao hicho. Vikope ni ugonjwa mwingine na huu si lazima uwe huo, lakini vyote viwili vinataka kitu kimoja ambacho mama yake hakukipata mapema, kuangaliwa na daktari. Mwombe mkaende naye hospitali. Akisikia kwa masikio yake kwamba mwanawe ameangaliwa, na akaambiwa nini kifanyike, huyo ndiye atakayewanyamazisha wajomba, wewe hutahitaji hata kusimama.

Kwenye kikao umeambiwa uende na jibu moja. Usiende nalo. Nenda na majibu ya daktari, uwaeleze wazee habari ya kanga mwanzo mpaka mwisho, na ueleze kwamba mkono ulioitundika ulikuwa wako. Utaona haya, najua, mwanamume kukiri mbele ya wakwe kwamba alikuwa akinusa kanga ya mke. Vumilia. Haya ya siku moja ni nyepesi kuliko kumwacha marehemu baba yako aitwe mchawi kwa kosa la mwanawe. Kuhusu kung'oa, waambie wazi kwamba hung'oi. Mizabibu haijamfanya mtu chochote. Ukiing'oa yote ukaichoma, kisha ukapanda kitu kingine, ukapiga dawa nyingine na kujifunga kanga ileile, Priska ataumwa vilevile, na safari hiyo hutakuwa na cha kung'oa zaidi ya nyumba.

Mtumishi sina maneno mengi naye. Aendelee kumwombea Priska, maombi hayajawahi kumzuia mtu kupanda gari la hospitali.

Na zamu ya salfa inayofuata, nunua barakoa ya vumbi kwenye duka la pembejeo, vaa glavu na miwani ya kazi, uwe na nguo zako za shambani zinazofuliwa peke yake, kwa mkono wako, katika beseni lake, na zisipite mlango wa jiko. Umeshika ratiba ya zabibu bila kuruka hata mara moja, na hii utaiweza.

Shina la mzee lirudishie udongo, ulishindilie taratibu, ulimwagilie jioni. Likifa basi limekufa, lakini usiliache na mizizi nje kama kaburi lililofukuliwa. Halafu mnunulie mke wako kanga mpya ya kazi, uifue kwanza, uitundike kwenye ule msumari nyuma ya mlango, na usiiguse. Ukiwa shambani na barakoa yako ukaikosa ile harufu, maliza mistari yako, oga, nenda jikoni. Mwenyewe atakuwemo.